Ukuta wa Vitenge

Josefina, muuza maandazi wa nje ya ukumbi wa Katandala, anaapa kwa marehemu bibi yake kwamba Mama Salome hakuanguka. Aliruka. Anasema alimwona kwa macho yake kupitia dirisha: mwanamke wa miaka sitini na mbili akipaa kutoka juu ya meza, mikono kaikunjua kama kunguru, akapita juu ya vichwa vya watu wanane, akaizunguka taa mara moja, akatua katikati ya viti bila kilemba kusogea.

"Na wakati anapita," Josefina anawaambia wateja, "alinipungia mkono."

Maandazi yake siku hiyo yaliisha kabla ya saa sita.

Sasa wewe msikilizaji uliyemwacha Mama Salome juu ya meza kwenye kipande cha wiki iliyopita, macho kafumba, mgongo kawapa watu, mwache Josefina na maandazi yake. Sikiliza ilivyokuwa.

Kampuni ya Ima imevuka mpaka kutoka Lusaka kuleta mafunzo ya kujitambua nchini kwetu kwa mara ya kwanza, na imeanzia Sumbawanga. Mkufunzi ni Kochi Meshack, mtu wa Kibemba na Kiingereza. Kiswahili chake kinaishia kwenye "asante" na "maharage". Mkalimani wake ni Silvana, binti wa mtaa wa Izia, aliyekiokota Kibemba sokoni Mbala, ng'ambo ya mpaka, akiuza dagaa. Siku ya kwanza walikuja watu thelathini. Ya pili, hamsini. Leo, siku ya tatu na ya mwisho, wamefika sabini, wengine wamesimama.

Na saa tano kamili anaingia bosi wa kampuni, Madam Lucia, kuchagua mtu mmoja, mmoja tu, wa kwenda Lusaka miezi sita kusomea ukufunzi na kurudi kuwa mkufunzi wa kwanza wa Ima Tanzania.

Silvana anaitaka nafasi hiyo mpaka chakula hakipiti. Lakini fomu inataka kidato cha nne, na yeye ameishia darasa la saba. Kwenye mstari wa elimu hakuandika uongo, hakuandika ukweli. Aliuacha mtupu.

Haya, turudi mezani.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Mtu anapanda meza, anafumba macho, anajiachia kinyumenyume, na mwenzake aliyechaguliwa kwa karatasi anamdaka. Anayeanguka hatakiwi kujua nani yuko nyuma. Majina yote yamo kwenye kofia. Kochi alichomoa karatasi, akampa mwenye jina, akarudi mbele kuhesabu.

Silvana, ambaye macho yake hayakosi kitu, aliona karatasi imempata nani. Yusto.

Yusto ni kijana wa mtaa wa Chanji, tai nyekundu, viatu vya kung'aa, kidato cha sita na cheti amekilaminisha. Yeye naye anaitaka Lusaka. Na Yusto, kwa bahati ya siku hiyo, amemwoa binti wa Mama Salome. Ndoa ina miezi minane.

Unajua mwenyewe. Kwetu Ufipa mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawapishani mlangoni. Hawatazamani. Sasa kumdaka mzimamzima, kiuno na kila kitu, mbele ya watu sabini, hilo hata ukiliota unaamka unatubu.

Yusto aliinua macho, akakiona kitenge. Akakitambua. Ni yeye aliyekinunua, siku ya posa.

Tai nyekundu ilipepea. Mlango wa stoo ulifunguka, ukafungwa, komeo likalia.

"Mbili," Kochi alikuwa anahesabu kwa Kibemba, hajaona kitu.

"Nijiachie?" aliuliza Mama Salome juu ya meza.

Silvana alitupa kofia, karatasi zikamwagika, akawashika mikono wanawake wawili wa mstari wa mbele.

"Njooni. Mikono juu."

"Tatu," alisema Kochi.

Mama Salome alijiachia.

Hakuzunguka taa. Alishuka kama gunia la ulezi kutoka kwenye lori, akawakuta watatu, wote wanne wakaenda chini, mguu wa huyu kwenye shingo ya yule. Kisha kutoka chini ya lile rundo ikaja sauti nyembamba, kama ya mtoto anayetekenywa.

Mama Salome alikuwa anacheka.

"Jamani," alisema, machozi yanamtoka, "tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu hakuna aliyenibeba. Watoto saba nimebeba mimi. Maji nimebeba mimi. Kuni mimi. Nirudisheni juu."

"Mama, mara moja inatosha," alisema Silvana, akijipapasa mbavu.

"Inamtosha nani? Nirudisheni."

Walimrudisha. Alianguka mara ya pili, akaanguka ya tatu. Mara ya tatu alipiga vigelegele akiwa bado hewani. Hapo ukumbi ukashika moto. Wazee waliokuja kusikiliza tu wakavua makoti, baridi ya Julai wakaisahau, wakapanga mstari. Katekista mstaafu alianguka na miwani yake. Mwenyekiti wa mtaa alianguka akiwa ameshika simu, anaongea na mtu. Kochi Meshack alikuwa anacheza pembeni peke yake bila ngoma.

"Unaona, dada Silvana," alisema, "nilikwambia watu wako wataamka."

Silvana alitabasamu, lakini jicho lake moja lilikuwa kwenye mlango wa stoo.

Ndipo Mama Salome, akijifunga kitenge upya, akauliza swali ambalo Silvana alikuwa analiogopa.

"Hivi ile mara ya kwanza, aliyepangiwa kunidaka alikuwa nani?"

"Tumekudaka sisi, mama."

"Mmenidaka nyie, nimeona. Nauliza karatasi ilimtaja nani."

Silvana si mtu wa kudanganya. Ni mtu wa kunyamaza, na mara nyingi kunyamaza kumemfikisha mbali. Lakini dirishani kulikuwa na mtu ambaye kunyamaza hajawahi kukutana nako.

"Mkweo Yusto, mama," alisema Josefina katikati ya nondo za dirisha. "Kakimbilia stoo kama panya aliyesikia paka anakohoa."

Mama Salome alivuta kitenge mpaka puani. Akakaa kwenye kiti cha karibu, mgongo ameupa mlango wa stoo.

"Nilikuwa juu ya meza," alisema taratibu. "Miguu nje. Na mkwe wangu yuko nyuma."

"Alikimbia, mama. Hakuona kitu."

"Kama hakuona, alikimbia nini?"

Silvana alimvuta Kochi pembeni, akamweleza kwa Kibemba. Alitegemea abishe, aseme mambo ya zamani hayo, aseme kitabu cha mafunzo hakina wakwe. Kochi hakubisha. Rangi ilimtoka, akakaa juu ya spika.

"Mama mkwe," alisema. "Nimemchomolea mtu mama mkwe kwenye kofia." Akajifuta uso. "Dada, wangu mimi anaishi Kabwe. Nikisikia amekuja Lusaka, mimi huo mji naugawa. Yeye achukue mashariki, mimi magharibi. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshafika mbili."

Sasa uone ubaya wa jambo. Ukumbi una mlango mmoja. Stoo haina dirisha, na njia yake ni kupita ukumbini. Mama Salome amekaa hatua nne kutoka mlango huo mmoja, na alipoombwa atoke kidogo nje, alisema hatoki, cheti chake cha siku tatu hajakabidhiwa, na isitoshe anataka kuanguka tena. Yusto hawezi kutoka mpaka yeye aondoke. Yeye haondoki.

Na ndani ya stoo, pamoja na Yusto, kulikuwa na mkoba wa Kochi. Ndani ya mkoba, fomu zote.

Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia saa nne na nusu.

Silvana alienda akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango wa stoo.

"Yusto."

"Yuko wapi?"

"Amekaa. Amekupa mgongo."

"Karibu na mlango mkubwa?"

"Hatua nne."

Yusto aliguna. "Silvana, nitoe. Madam akifika akanikuta nimejifungia na mafagio nimekwisha."

Hebu jiweke mahali pa Silvana. Mwenye cheti cha kidato cha sita amejifungia mwenyewe, kwa komeo, kwa hiari yake. Hakuna aliyemsukuma. Alichotakiwa kufanya ni kurudi akakae, akunje mikono, amngoje Madam Lucia, na aulizwapo Yusto yuko wapi aseme sijui, au anyamaze tu kama kawaida yake. Wazo hilo lilimjia, akaliangalia vizuri, lilikuwa zuri kweli.

Kisha akasikia karatasi zinafunuliwa ndani.

"We Silvana," ilisema sauti ya Yusto, na sasa ilikuwa na kitu kipya. "Hii fomu yako. Mstari wa elimu mbona hauna kitu?"

"Unafungua mkoba wa mtu, Yusto?"

"Giza linanichosha, nikawasha simu, nikawa nasoma. Umeishia la ngapi, la saba?" Alingoja. "Basi tufanye hivi. Wewe nitoe hapa, macho yangu na ya mama yasikutane. Mimi nitasahau nilichosoma."

Silvana alifikiri. Alikuwa na kawaida ya kufikiri polepole, watu wakadhani hajasikia.

"Nitakutoa," alisema. "Kwa sababu huwezi kuishi na mafagio. Lakini usisahau kitu kwa ajili yangu. Ukitaka kusema, useme."

"Una kichaa wewe?"

"Fungua komeo, ungoje nigonge."

Aliwaendea wanawake. Baridi ya Julai ilikuwa imefanya kazi nzuri: kila mmoja alivaa vitenge viwili, wengine vitatu. Aliwanong'oneza. Kicheko kilianza kwa mmoja, kikaruka kwa wa pili kama moto wa nyasi. Dakika moja baadaye wanawake kumi walikuwa wamesimama bega kwa bega, vitenge vimetandazwa kutoka mkono hadi mkono, ukuta mzima wa tausi, samaki, maua na picha za askofu.

"Chini mfike sakafuni," alisema Silvana.

"Vyangu vifupi, mwenzangu, mimi mrefu."

"Basi piga magoti."

"Nitembeeje nimepiga magoti?"

"Haya, viatu vyake vionekane. Viatu siyo mkwe."

Akagonga mlango. Yusto akatoka, mkoba kifuani, ameinama kama anayepita chini ya kamba ya nguo. Ukuta ukaanza kutembea. Hatua moja. Kusimama. Hatua moja. Wanaume walikuwa wameziba midomo kwa kofia zao. Mama Salome alitazama mbele, shingo wima, kitenge puani, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na haikujulikana kama ni hasira au nini.

"Anapumua sana," alisema mmoja wa wanawake.

"Mwambie apumulie upande wa pili."

Walikuwa wamebakiza hatua tano kufika mlangoni pale mlango ulipofunguliwa kutoka nje.

Madam Lucia alikuwa amewahi nusu saa.

Alikuwa mwanamke mpana, sweta la kijani, miwani myeusi, mkoba mkononi. Alisimama kizingitini. Mbele yake, ukuta wa vitenge ulikuwa unamjia taratibu, vichwa kumi vya wanawake juu, na chini, katikati ya kandambili, jozi moja ya viatu vya kiume vilivyopigwa rangi vikang'aa.

Alivua miwani.

"Meshack," alisema kwa Kibemba, "hili ni zoezi la ngapi katika kitabu?"

Kochi alifungua mdomo. Silvana alitamani amzibe.

"La kumi na nne, madam."

"Kitabu kina mazoezi kumi na mawili. Nimekiandika mimi."

Kochi alifunga mdomo.

Madam Lucia aligeuza macho. Yalipita kwa mmoja mmoja, yakatua. "Wewe ndiye mkalimani. Hiki ni nini?"

Silvana alikuwa na muda wa kutunga. Angeweza kusema ni zoezi la kubebana, ni zoezi la umoja, ni ngoma ya asili. Alivuta pumzi.

"Ni mkwe anapita, madam."

Madam Lucia hakuuliza neno la pili. Aliruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto, akageuzia uso ukutani, akajifunika na ule mkoba wake. Ukuta wa vitenge ukapita. Viatu vikapita. Mlango ukafungwa, na ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa pamoja, ukapasuka kicheko, watu wakashikana mabega, mwenyekiti wa mtaa akakaa chini sakafuni kabisa.

Yusto, akiwa nje na uhuru wake, alilizunguka jengo akaja kusimama dirishani kando ya Josefina. Akanyoosha tai. Nondo zilikuwa katikati yake na ukumbi. Mama mkwe alikuwa amempa mgongo. Kwa sheria zote za wakwe alikuwa salama.

Lakini Mama Salome hakuwa amemaliza.

"Silvana," alisema, akiutazama ukuta wa mbele. "Hebu mwambie huyo aliyepo dirishani. Mwanamume anayemkimbia mwanamke aliye hewani, huyo, mwanangu akijikwaa, atamshika au naye atatafuta stoo?"

Silvana aligeukia dirisha. "Mama anasema anashukuru hukuumia."

"Nimesikia alichosema," alisema Yusto. "Sina pamba masikioni."

"Umesikia, lakini ulikuwa hujaambiwa. Sasa ndiyo unaambiwa," alisema Silvana.

Yusto alishika nondo. "Basi na wewe mwambie. Ningesimama, ningekuwa nimemshika. Nimekimbia, nimemwacha. Mkwe akae wapi, darini?"

"Anaomba radhi, mama," alisema Silvana. "Na jogoo wa kuomba radhi anakuja naye Jumapili."

"Jogoo sijamtaja mimi."

"Umeshatajiwa," alisema Josefina. "Nyamaza, utatajiwa na mbuzi."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kizito, cha tumboni. Wengine wakafuata. Ila Silvana peke yake ndiye aliyegeuka kuangalia cha kwanza kimetoka wapi.

Aliyecheka ni Madam Lucia. Maneno yalikuwa ya Kiswahili. Na hakuna aliyekuwa amemtafsiria.

"Ndiyo, binti," alisema Madam Lucia, na safari hii alisema kwa Kiswahili laini, kisichokwama popote. "Mimi nimezaliwa Nakonde. Ukivuka barabara uko Tunduma. Kiswahili nimekua nacho, nimeuzia nacho nyanya." Akavuta kiti, akakaa. "Meshack hunitumia video kila jioni. Nimezitazama zote. Njoo hapa mbele."

Silvana alikwenda.

"Siku ya kwanza Meshack alisema, yachome yaliyopita yawe majivu, uondoke. Ndivyo kitabu kinavyosema. Wewe ukawaambia nini?"

Kabla hajajibu, sauti ilipenya nondo, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Yusto alizungumza kwa adabu, polepole, mkono kifuani. Silvana hakukielewa Kiingereza hicho isipokuwa jina lake mwenyewe, lililotajwa mara tatu. Lakini aliona Yusto anaufungua mkoba, anatoa karatasi moja, anaipitisha katikati ya nondo. Fomu yake.

Hakuwa amesahau, basi. Na Silvana ndiye aliyemwambia asisahau.

Madam Lucia aliipokea, akaiweka pajani bila kuisoma. "Na wewe, kijana, ungewaambiaje pale?"

"Yachomeni yaliyopita yawe majivu, mwondoke," alisema Yusto. "Neno kwa neno, madam."

Kule nyuma mzee mmoja aliguna. Mwenzake akamwuliza, "Huyu baba yake hana shamba?"

"Haya, Silvana."

"Madam," alianza Silvana. "Hapa kwetu majani hatuyachomi. Masika ikiisha tunayafukia, tunainua ntumba, kilima cha udongo na majani ndani yake. Yanaoza humo. Ukitaka unapanda maharage juu. Mvua za mwaka unaofuata tunaibomoa ntumba, tunaisambaza, ndipo ulezi unaota. Hawa wote wamekula kutoka kwenye majani yaliyooza. Ningewaambia wachome, wangejua mara moja kwamba anayesema hajashika jembe, na kesho yake wasingerudi. Nikawaambia, yaliyokuumiza usiyachome. Yafukie vizuri, uyape muda, yatakulisha."

Mama Salome alikuwa ameshusha kitenge kutoka puani bila kujua.

"Anasema nini?" Kochi aliuliza kwa Kibemba. "Jamani, anasema nini?" Akamtazama huyu, akamtazama yule. Mkalimani wake alikuwa kazini kwingine.

"Kitabu changu hakisemi hivyo," alisema Madam Lucia.

"Hakisemi, madam."

"Umekibadilisha mbele ya watu, bila kuniuliza."

"Ndiyo, madam."

"Mara ngapi?"

"Siku ya kwanza mara nne. Jana sikuhesabu."

Kicheko kidogo kilipita, kikajizuia chenyewe. Uso wa Madam Lucia haukusomeka. Alivaa miwani nyingine, ya kusomea, akainua ile fomu, akashuka nayo mstari kwa mstari kwa kidole.

"Hapa kwenye elimu kuna shimo."

"Darasa la saba, madam. Nilifaulu. Mwaka huohuo baba akaugua, nikashika beseni la dagaa."

"Na sharti umelisoma."

"Nimelisoma."

Mama Salome alifungua mdomo kusema kitu. Silvana alimwona, akatikisa kichwa kidogo, naye akaacha.

"Silibishii sharti lako," Silvana alisema. "Yusto anakijua Kiingereza, na kitabu chako atakileta kama kilivyo, hataongeza chumvi. Mimi nimekibadilisha nikiwa sijakisoma hata ukurasa mmoja. Nilikisikia tu mdomoni kwa Kochi. Naomba unichukue hivi nilivyo, nikakisome chote, mwanzo mpaka mwisho. Ndipo nijue ninachobadilisha."

Madam Lucia alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa bila futi. Aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni mwa sweta, akainuka, akaenda mpaka mlangoni. Pale nje gari lake lilikuwa limeegeshwa chini ya jua, dereva ameegemea boneti anakula andazi.

Alimwita dereva. Akamwambia kwa Kibemba maneno machache, kwa sauti ya kawaida tu.

Dereva alitupa andazi, akakimbilia usukani.

Ukumbi mzima uligeuka kumwangalia Silvana. Dirishani Yusto alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, Josefina amekaza shingo kando yake. Kochi, aliyeelewa kila neno, alikuwa amejishika kichwa. Naye Silvana alisimama palepale mbele ya viti, vidole vimeng'ang'ania pindo la kitenge chake.

"Mwanangu," alisema Mama Salome, "tuambie basi. Amesema nini?"